Uso wa Pijo ya Kigombe

Kuna jambo moja sijalipatia jibu mpaka leo, na sasa nimeacha kulitafuta. Kioo cha ndani cha lile gari, kile cha dereva kutazamia nyuma, kilishikwa na skrubu moja iliyoganda kwa kutu. Nilijaribu kuilegeza kwa bisibisi, kwa koleo, kwa mafuta ya taa, mwishowe kwa moto. Haikusogea. Lakini kila nilipoingia garini jioni nilikikuta kimeinamishwa. Kilikuwa kikitazama kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kimo cha mtoto aliyekaa.

Nani alikuwa akikiinamisha?

Nitaeleza nilichokiona. Simlaumu mtu. Waliohusika wote walikuwa na sababu zao, na mmoja wao ni mimi.

Jina langu ni Manase, fundi rangi. Kaka yangu Anold ni fundi bodi, na gereji yetu iko Mabawa, hapa Tanga. Baba yetu, mzee Laurenti, alishuka pwani kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, akaishia kuwa dereva wa shamba. Meneja wake alipohama nchi alimwachia Pijo 404 ya buluu. Baba aliiendesha mpaka macho yakamkatalia, akaiegesha nyuma ya nyumba, uso umeelekea baharini. Akafa. Gari likakaa pale miaka kumi na moja likipigwa na upepo wa chumvi.

Nyuma lilikuwa zima, ukuta ulilikinga. Mbele lilikwisha. Ukibonyeza madigadi kwa kidole gumba, kidole kilizama kama kwenye mkate uliolowa.

Anold alikuwa na mtoto mmoja, Leticia, wa miaka tisa. Yeye na mkewe Devota walizika wawili kabla yake. Mwaka huo Leticia alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, na Anold aliapa kwamba mtoto atakwenda kanisani kwa gari la babu yake. Sote tulijua haapi kwa ajili ya gari.

Muuza spea mmoja, Rahimu, ndiye aliyetuambia kwamba kule Kigombe, njia ya Pangani, kuna Pijo kama hiyo, nyeupe. Iligongwa na lori kwa nyuma. Mbele haina hata mkwaruzo.

Mwenye gari alikuwa mama wa makamo, mjane, Bi Zuwena. Tulimkuta barazani akisuka ukili. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwataka gari?"

"Tunataka uso wake tu, mama," alisema Anold. "Huko nyuma kumepondeka, hakufai."

"Lichukueni bure, nimechoka kulitazama. Ila likiondoka liondoke zima."

"Zima, mama?"

"Msiniachie hata mlango."

"Tumesikia, mama."

"Hata mlango, mwanangu." Hapo ndipo alipotutazama.

Nakumbuka hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tulikuwa na haraka ya kushukuru.

Tulirudi Ijumaa na Hilux ya kuazima, ya milango minne, pamoja na jenereta na grenda. Bi Zuwena alikuwa amekwenda hitimani, nyumba imefungwa. Gari zima halikuweza kuingia kwenye Hilux. Kulibeba zima kulitaka lori, na lori siku hiyo hatukuwa nalo.

"Tukate, tubebe mbele," alisema Anold. "Nyuma tutakuja kuichukua wiki ijayo."

"Alisema zima."

"Litakuwa zima, Manase. Kwa safari mbili."

Akawasha grenda. Alikata nguzo mbili chini ya kioo kikubwa, akakata sakafu nyuma ya usukani, na uso wote ukajitenga: boneti, taa, dashibodi, na kile kioo kidogo kilichosimama juu ya dashibodi kwenye kijiti chake. Grenda ilipomaliza kipande cha mwisho, mlango wa nyuma wa kushoto ulijifunga.

Hakukuwa na upepo.

"Bodi imelegea," alisema Anold. Ni kweli, bodi ikikatwa hulegea. Mimi mwenyewe ningesema vilevile.

Wiki iliyofuata hatukurudi. Wala ile ya pili.

Kule gereji, tulipoifungua taa ya kushoto tusafishe kutu, tulikuta nyuma yake kifurushi cha kitambaa cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Kago hilo," nilisema. Pwani hii kila mtu anajua kago. Ni dawa ya kufungia kitu kisiguswe wala kisiondoke mahali pake.

"Kago la kuzuia lori?" Anold alicheka. "Basi aliyeliweka arudishe hela ya watu."

"Tulirudishe Kigombe."

"Kwa mafuta ya nani? Litupe."

"Litupe wewe."

Hakulitupa. Alilishika kwa ncha ya koleo, akalitazama, akalirudisha palepale nyuma ya taa, kisha akachukua kipande cha bati akakichomelea juu yake. Akaziba pande zote nne. Nimelifikiria sana tendo lile. Hatukuamini kiasi cha kulirudisha, na hatukuthubutu kulitupa. Tulifanya kile ambacho mafundi hufanya na kila wasichokielewa. Tulikifunika, tukapiga puti, tukapiga msasa, na mimi nikapaka rangi ya buluu juu yake, mikono mitatu.

Anold akauunga uso ule na mwili wa gari la baba, na lilitoka zuri. Devota alipoliona alilia.

*

Jumatano moja Anold alinituma nikamchukue Leticia kanisani, kwenye mafundisho. Ilikuwa magharibi, adhana inamalizika. Nilikikuta kioo kimeinama. Nikajaribu kukiinua, kikakataa. Nikaondoka hivyohivyo.

Leticia alikuja anakimbia na daftari kifuani, akaingia nyuma, upande wa kushoto.

"Leo mmefundishwa nini?"

Aliweka daftari mapajani.

"Leti?"

"Nimefunga," alisema.

"Umefunga nini?"

"Mlango."

"Sijakuuliza mlango, mama."

"Si wewe, baba mdogo."

Nilicheka kidogo. Tukapita soko, tukakata kona. Ndipo harufu ikaja. Kwanza udi, wa zamani, uliolala kwenye nguo. Halafu mafuta ya nazi, yale ya kichwani. Halafu kitu kingine chini yake... petroli, na chuma kilicholowa.

"Nimefunga," alisema tena. Sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mtoto anayejibu mkubwa.

"Leti, nani anakuuliza?"

Alisogea mbele. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Huyo uliyemkalia," alininong'oneza.



Sikutaka kutazama kioo. Nilitazama. Kwenye kiti cha nyuma, kimo kilekile, alikaa mtoto wa kike mwenye mtandio mweupe. Alikuwa anaangalia nje dirishani, ametulia, kama mtu aliyezoea safari.

Nikageuka.

Leticia. Kichwa wazi, mabutu yake manne, daftari mapajani.

Nikarudi kwenye kioo.

Mtandio.

Nilizima gari katikati ya barabara. Na katika ule ukimya, kifuani mwangu kabisa, pale ambapo kifua cha mtu mwingine kingekuwa kama angekaa ndani yangu, kuna mwanamume alikohoa. Polepole. Kikohozi cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuuliza swali.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, nimembeba Leticia. Alikuwa wa baridi kama aliyetolewa mtoni.

*

Nilimwambia Anold. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaenda kulichukua gari mwenyewe akaliingiza uani.

"Umechoka," alisema. "Thina ya rangi unaivuta mchana kutwa bila kitambaa puani."

Huenda. Nilitamani iwe hivyo.

Lakini Alhamisi jua lilipozama Leticia hakuonekana. Tulimkuta garini, nyuma kushoto, mikono imekunjwa mapajani. Gari lilikuwa limefungwa na funguo alikuwa nazo Anold mfukoni. Ijumaa hivyohivyo. Jumamosi Devota alimfungia chumbani na kukaa mlangoni. Mwadhini alipoanza, mlango wa gari uligonga uani, na Devota alipofungua chumba hakukuwa na mtu.

Kila tulipomtoa alikuwa mwepesi zaidi. Aliacha kula. Hospitali walipima malaria, taifodi, damu. Hawakuona kitu, wakatuambia kwa upole tumrudishe akizidi. Padri aliombwa, akaja, akamwekea mikono. Leticia alimwamkia vizuri, kisha akamwomba mama yake mtandio afunike kichwa.

"Mtandio wa nini, Leti?"

"Mimi si Leti," alisema, bila ubishi. "Mimi Asmahani."

Katika nyumba yetu hatumjui Asmahani yeyote.

Jumatatu asubuhi mimi na Devota tulikwenda Kigombe. Bi Zuwena hakuwa barazani. Alikuwa amehamia kwa jirani, mkeka wake umetandikwa ukumbini mwa watu. Alipotuona hakuinuka.

"Niliwaambia nini?"

"Liondoke zima, mama," nilisema.

"Nanyi mkanikatia. Mkaniachia mtoto peke yake." Alisema bila kupaza sauti. "Tangu siku ile kila magharibi mlango wa nyuma wagonga. Wagonga, wagonga. Wafunguka, wajifunga. Mtoto amtafuta babake. Nalala kwa watu, umri wangu huu."

Devota alipiga magoti. "Mama, na mimi nina mtoto."

Bi Zuwena alimgeukia.

"Wa kike?"

"Wa kike. Miaka tisa. Sasa anajiita Asmahani."

Nilimwona mama yule akishika ukuta. Kisha alitueleza, nami nayaandika kama nilivyoyasikia, bila kuongeza.

Asmahani alikuwa binti yake. Mumewe, Miraji, alikuwa dereva wa teksi. Walikuwa wakirudi kutoka Tanga, magharibi, mlango wa mtoto haukufunga sawasawa. Miraji akasimama pembeni ya barabara. Hakushuka. Alikiinamisha kioo amwone, akamuuliza, "Umefunga mlango?" Mtoto akafungua mdomo ajibu. Lori likaja kwa nyuma.

Miraji hakupata hata jeraha. Aliishi miaka mitatu, na kila magharibi aliingia kwenye lile gari bovu, akashika usukani, akamuuliza. Mkewe alimsikia. Akafa humohumo, amekaa. Na baada ya kuzikwa, swali halikukoma.

"Mtaalamu mmoja akaja akaweka kago mbili. Moja mbele kwa baba, moja nyuma kwa mtoto. Akasema wafungwe pamoja, wasikizane, watanyamaza. Mie sijui kama ni kweli. Najua walinyamaza."

"Kwa nini hukutuambia?" niliuliza.

"Mngelichukua?"



"Lirudisheni mahali pake," aliendelea, akimwambia Devota. "Aliyekata ndiye akate. Na anayeulizwa amjibu, amwambie wamefika. Mwenziwe hakuwahi kujibu."

*

Anold alikuwa chini ya gari la mteja tuliporudi. Devota alimweleza akiwa amesimama karibu na miguu yake iliyotokeza nje. Miguu haikutikisika.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi," alisema kutoka chini.

"Hakuna aliyesema mchawi. Nimesema mtoto wangu anakufa."

"Uso ule nimeuchomelea kwa mikono yangu. Ukitoka, gari la baba ni la kuuza vyuma chakavu."

"Anold, litazame gari. Halafu kamtazame mtoto."

Alitoka, akafuta mikono, akaenda uani. Jua lilikuwa linashuka. Leticia alikwishakuwa ndani, mahali pake, mtandio wa mama yake kichwani. Anold alifungua mlango wa mbele.

"Nitakaa hapa," alisema. "Nikae na mwanangu, tuone nani atakuja."

Akakaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka dirishani, Devota nyuma yangu. Anold alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani, mwingine gotini. Hakugusa kitu.

Kioo kikainama.

Kilikwaruza kidogo, kama meno ya mtu aliyelala.

"Leti," aliita Anold. "Leti, mama. Ni mimi, baba."

Mtoto aliinua uso. Hakumtazama yeye. Alitazama kioo. Na akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, ile anayoitumia kwa wageni:

"Tafadhali, toka kwenye kiti cha baba."

Nimemwona kaka yangu akizika watoto wawili. Sijamwona akiwa na uso ule.

Alitoka. Alimchukua mtoto akampa mama yake. Akavuta waya wa umeme mpaka uani, akawasha grenda. Cheche ziliruka juu ya rangi yangu, rangi ikaungua, ikanuka. Alikata pale alipounga, nguzo kwa nguzo, hakupindisha. Alikuwa analia, na hakuacha kukata ili afute.

Kesho yake alasiri tulifika Kigombe sote wanne, na uso ule nyuma ya Hilux. Nusu iliyobaki ilikuwa palepale majanini, mdomo wazi, kama tulivyoiacha. Mlango wake wa kushoto ulikuwa unagonga. Kidogo. Kidogo. Majirani walisimama mbali.

Tulishusha uso, tukausukuma juu ya mabomba ya chuma mpaka chuma kikagusa chuma.

Mlango ukanyamaza.

Anold alichomelea sehemu nne tu. Gari lile halikuwa la kwenda popote. Bi Zuwena alipita upande wa nyuma, akaweka kiganja juu ya bati lililopondeka, akakiacha hapo.

Adhana ikaanza. Udi ukaja, ingawa hakuna aliyefukiza.

"Haya, mwanangu," Bi Zuwena alimwambia Leticia. "Usiogope. Ni mtu mzima aliyechelewa tu."

Leticia hakuwa na nguvu ya kusimama. Devota alimshikilia kwenye dirisha la nyuma. Ndani hamkuwa na kitu: sponji lililooza, majani, usukani. Kioo kikainama. Tukangoja. Nadhani sote tulisikia swali, ingawa hatukuulizana kamwe kama tulisikia.

"Nimefunga, baba," alisema Leticia. "Tumefika."

Kiti cha dereva kililia springi, kama mtu anayeinuka.

Basi.

Leticia alilegea mikononi mwa mama yake, na baadaye kidogo akasema ana njaa. Bi Zuwena alituomba tuondoke kabla giza halijakolea. Hakutushukuru, wala hatukutarajia.

Leticia ni mzima. Anakula, anasoma, alikwenda komunyo kwa bajaji, na gauni lake lilikuwa zuri. Lakini tangu jioni ile hajamwita Anold baba. Si kwa kiburi. Akitaka kitu humsogelea, humgusa mkono, husema, "Samahani." Padri anasema neno litarudi. Anold anangoja. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa ndani ya nusu ya gari la mzee Laurenti, kwenye kiti cha nyuma, hafanyi kitu.

Usiku ule wa kurudi kutoka Kigombe tulipanda Hilux. Mimi mbele, Devota na Leticia nyuma, mtoto upande wa kushoto. Anold aliwasha gari, mkono ukaenda kwenye kioo kama dereva yeyote, mdomo ukafunguka.

Devota alisema, "Usimuulize."

Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba katika familia yetu swali lile halitaulizwa tena, na mtu yeyote.

Anold alizima injini. Akashuka, akazunguka gari gizani, akaufungua mlango wa mtoto, akaufunga kwa mikono yake miwili, akauvuta kuona kama umeshika. Anafanya hivyo mpaka leo, kila safari, hata ya kwenda dukani. Leticia humtazama kupitia dirishani akifanya.

"Asante," husema.